Upitishaji mwanga wa vioo, tinti na mabati ya plastiki: maswali tunayoulizwa mara kwa mara

Kila kioo, tinti au bati la plastiki huja na karatasi ya maelezo, na kwenye karatasi hiyo kuna mstari unaosema "upitishaji mwanga" ukifuatiwa na asilimia. Wateja wengi wa Mtwara mjini, Mikindani na Lindi huisoma namba hiyo kama alama za mtihani: kubwa imefaulu, ndogo imefeli. Sivyo. Namba ni ya kweli, ila inajibu swali moja tu, na mara nyingi mteja alikuwa na swali jingine kichwani. Haya hapa chini ndiyo maswali tunayokutana nayo zaidi sisi mafundi vioo, ya wenye nyumba, ya wenye magodauni ya korosho, na ya wanafunzi wanaopita kuuliza wakitoka shule. Hayakupangwa kama kitabu, kwa hiyo soma linalokuhusu.

Upitishaji mwanga maana yake nini hasa?

Ni sehemu ya mwanga uliofika kwenye kitu ambayo imetokea upande wa pili. Mwanga wa vipimo 100 ukigonga kioo, na vipimo 90 vikaingia chumbani, upitishaji wa kioo hicho ni asilimia 90. Dirisha la mbao lililofunguliwa, kama yale ya nyumba kongwe za Mikindani, ni asilimia 100. Ukuta wake mnene wa mawe ni 0. Vioo, vitambaa, plastiki na maji vyote vinaangukia katikati.

Ambao haukupita umekwenda njia mbili. Ama umeakisiwa, yaani umerudi ulikotoka, ama umefyonzwa ndani ya kitu chenyewe ukageuka joto. Ukijumlisha uliopita, ulioakisiwa na uliofyonzwa lazima upate 100. Shika hesabu hiyo, maana nusu ya malalamiko ya wateja hujibiwa nayo.

Jambo jingine ambalo karatasi haisemi kwa sauti: asilimia hiyo inahusu mwanga unaoonekana kwa macho tu, ule wa urefu wa mawimbi wa nanomita 400 hadi 700 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Joto la jua na miale ya urujuanimno, ile ya jua ambayo jicho halioni, ina hesabu zake nyingine.

Kioo cheupe kipya, safi, hakina hata alama ya kidole. Kwa nini hakifiki asilimia 100?

Kwa sababu mwanga ukitoka hewani ukaingia kwenye kioo, sehemu yake, kama asilimia 4, hurudi pale pale juu ya uso. Ukitoka kioo kwenda hewani upande wa pili, nyingine kama hiyo hurudi tena. Tayari umepoteza asilimia 8 bila kioo kufyonza chochote. Ndiyo maana kioo cheupe cha kawaida cha milimita 3 au 4 huwa karibu na asilimia 90, na fundi anayekuahidi 99 kwa kioo cha dirisha cha kawaida anakuuzia maneno.

Hiyo asilimia 4 ni kwa mwanga unaogonga kioo wima. Mwanga ukija kwa ubavu, uakisi hupanda haraka, hasa ukipita nyuzi 60 kutoka wima. Jioni jua likiwa chini unaona madirisha ya jirani yanawaka kama yana taa, wakati saa sita mchana vioo vile vile vilikuwa vimetulia.

Unene nao huongeza kidogo. Kitazame kioo kwa upande wa ubao wake, pale kilipokatwa: utaona kijani. Hicho ni chuma kidogo kilichomo kwenye mchanga uliotengenezea kioo, nacho hufyonza mwanga, hasa ule mwekundu. Vioo vya paneli za sola hutengenezwa kwa mchanga wenye chuma kidogo sana, ndiyo maana ubao wake huonekana mweupe zaidi.

Kioo cha maua cha bafuni kimeandikwa asilimia 80 na zaidi. Mbona sioni nje?

Swali hili tunalipenda kuliko yote, kwa sababu ndipo watu wengi wanapogundua kwamba mwanga kupita na macho kuona ni mambo mawili.

Ili uone mti ulioko nje, miale inayotoka kwenye kila jani inapaswa kufika jichoni ikiwa bado imeshika mwelekeo wake. Kioo cha maua kinaipitisha miale karibu yote, lakini kila moja kinaipinda upande wake. Mwanga unafika, habari zilizomo zimevurugwa. Chumba kina nuru na mtu aliyeko ndani hatambuliki, na hicho ndicho unachotaka bafuni.

Kipimo cha vurugu hiyo huandikwa kando, kwa jina la ukungu. Wapimaji huchukua mwanga uliopita, kisha wanahesabu ni asilimia ngapi umetoka nje ya njia yake kwa zaidi ya nyuzi 2.5. Kioo cheupe kina ukungu usiofika hata asilimia 1. Ukungu ukizidi 30, kitu huhesabiwa kuwa ni cha kutawanya mwanga. Kwa hiyo bidhaa mbili zinaweza kuwa na upitishaji sawa kabisa wa 85, moja ikakuonyesha meli bandarini na nyingine isikuonyeshe hata bandari. Karatasi ikitaja upitishaji peke yake, uliza na ukungu.

Mtawanyiko huu unatoka wapi? Unatoka kwenye mipaka. Kila mahali ambapo kitu kimoja kinapakana na kingine kinachopitisha mwanga kwa mwendo tofauti, miale hupinda na kuakisiwa. Tui la nazi ni maji na mafuta. Maji yanaonyesha, mafuta yanaonyesha, lakini matone madogo yasiyohesabika ya mafuta ndani ya maji yana mipaka mingi mno, na tui likawa jeupe. Chumvi ya mashambani kwetu ni vivyo hivyo: chembe moja ukiikaribia jicho inapitisha mwanga, lundo lake ni jeupe pe.

Kinyume chake nacho kipo. Karatasi iliyofungiwa maandazi huanza kuonyesha pale ilipolowa mafuta. Karatasi kavu ni nyuzi na hewa, mipaka kila mahali. Mafuta yanapoitoa hewa na kukaa mahali pake, mwanga ndani yake unakwenda kwa mwendo unaokaribia ule wa ndani ya nyuzi, na mipaka inapoteza nguvu. Kwa sababu hiyo hiyo kioo kilichokwaruzwa kwa mchanga huanza kuonyesha kikilowa. Kama unakiweka bafuni, hakikisha upande wenye mikwaruzo haurushiwi maji. Wateja wawili watatu hucheka tukiwaambia hivi, lakini huwa wanasikiliza.

Angavu, nusu angavu na isiyo angavu: mipaka iko wapi?

Hakuna ukuta kati yake. Angavu hupitisha mwanga na kuonyesha vizuri, nusu angavu hupitisha bila kuonyesha, na isiyo angavu haipitishi kitu kinachofaa kutajwa. Lakini unene hubadilisha kundi. Wataalamu wa miamba husugua kipande cha jiwe hadi kibaki na unene wa milimita 0.03, kisha hukiweka chini ya hadubini, na mwanga unapita katika madini mengi ya jiwe hilo. Dhahabu nayo, ikipondwa kuwa utando mwembamba sana, hupitisha mwanga wenye rangi ya kijani. Kofia za wanaanga hupakwa utando wa dhahabu kwenye kioo cha uso kwa ajili ya kuwakinga na jua.

Nimenunua tinti ya asilimia 35, fundi wa gari anasema jumla itakuwa chini ya hapo. Ananidanganya?

Hapana, yuko sahihi. Asilimia hizi hazijumlishwi wala hazitolewi, huzidishwa. Kioo cha gari chenye upitishaji wa 75 kikibandikwa tinti ya 35 kinakuwa 0.75 × 0.35, sawa na asilimia 26 hivi. Ukiongeza tinti nyingine kama hiyo juu yake unabaki na 9. Usiku kwenye barabara isiyo na taa, asilimia 9 ni kuendesha kwa kubahatisha.

Kwa nyumba ni vilevile. Vioo viwili vya 90 vilivyopangwa pamoja vinatoa 81, na vitatu vinatoa 73. Wavu wa mbu nao una upitishaji wake, kwa sababu kila uzi unaziba nafasi. Ukiwa na kioo cha brauni, wavu, na pazia zito, usilaumu kioo peke yake kwamba chumba kina giza.

Nataka kioo cha kuona upande mmoja: mimi nione nje, jirani asione ndani. Kipo?

Kipo mchana.

Hakuna kioo cha dirisha kinachoruhusu mwanga kwenda upande mmoja na kuukataza kurudi. Hivyo tunavyouza vimepakwa utando mwembamba wa madini unaoakisi mwanga mwingi na kupitisha kidogo, na kiasi kinachopita ni kile kile kwa pande zote mbili. Siri yake ni tofauti ya mwanga. Mchana nje kuna mwanga mkali, jirani anaona jua na uso wake mwenyewe vimerudishwa na kioo, na mwanga hafifu wa sebuleni kwako unamezwa. Wewe uliye ndani huna mwanga wa kukurudia, kwa hiyo unaona nje.

Saa moja usiku ukawasha taa, mambo yamegeuka. Sasa wewe ndiye unayejiona kwenye kioo, na anayepita barabarani anaona mpaka kilichopo mezani. Tunamwambia kila mteja kabla hajalipa: nunua na pazia.

Nikiweka bati la plastiki linaloingiza mwanga juu ya sebule, litaniletea joto?

Litaleta, na zaidi ya watu wanavyodhani. Jua la mchana lisilo na wingu linashusha karibu wati 1,000 kwenye kila mita moja ya mraba iliyoelekezwa kwake. Bati linalopitisha asilimia 80 ya nguvu hiyo linaingiza kama wati 800 kwa kila mita ya mraba. Ni sawa na kuacha pasi imewashwa darini kuanzia asubuhi.

Ukichagua rangi ya giza ili kupunguza, kumbuka ile hesabu ya 100. Bati jeusi au la blu iliyokolea limepunguza mwanga kwa kuufyonza, likawa la moto lenyewe, na sehemu ya joto hilo inashuka ndani. Bati jeupe la rangi ya maziwa limepunguza kwa kurudisha mwingi juu, na huwa poa zaidi kwa upitishaji ule ule. Kwa hiyo usilinganishe mabati mawili ya asilimia 50 ukadhani yanafanana chini yake.

Wengine huuliza liwekwe upande upi wa paa. Mtwara iko takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Jua la saa sita hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, wiki ya tatu ya Oktoba na wiki ya nne ya Februari. Katikati ya tarehe hizo, Novemba hadi Januari, linaegemea kusini kidogo. Miezi mingine yote liko kaskazini, na Juni linakaa kama nyuzi 56 juu ya upeo. Upande wa kusini wa paa unapata jua kali kwa miezi michache tu ya mwaka, ingawa kwa paa lisilo na mwinuko mkubwa tofauti si ya kugombania. Kinachosaidia zaidi ni kupunguza idadi. Sebule ya kawaida haihitaji kipande kirefu, na hewa ya moto iwe na mahali pa kutokea juu.

Godauni la kuchambulia korosho: niweke bati linaloonyesha au la rangi ya maziwa?

La maziwa, hata kama asilimia yake ni ndogo kuliko la wazi.

Bati la wazi linashusha jua moja kwa moja. Sakafuni unapata kisanduku cha mwanga mkali unaotembea kutwa nzima, na kando yake kivuli. Mchambuaji aliyekaa kwenye jua anakunja uso, aliyekaa kivulini haoni vizuri, na mkono unajitilia kivuli wenyewe. Bati la maziwa linachukua mwanga ule na kuutawanya kila upande, meza zote zinapata sawa, na vivuli vinakuwa laini. Hapa ukungu mkubwa ni sifa unayoilipia.

Rangi ndiyo jambo ambalo wengi hulisahau. Punje za korosho hupangwa madaraja kwa ukubwa na kwa weupe. W320, kwa mfano, ni punje nyeupe nzima ambazo 300 hadi 320 zinatimiza ratili moja, na punje nzima iliyobabuka ikawa na rangi ya majani makavu haiwezi kukaa humo. Bati la kijani au la blu linapitisha rangi yake na kufyonza nyingine, kwa hiyo weupe wote wa godauni unageuka kijani au blu, na jicho la mchambuaji linapoteza tofauti anayolipwa kuiona. Asilimia kwenye karatasi haitakuambia hilo, kwa sababu ni wastani wa rangi zote kwa pamoja. Kwenye chumba cha kuchambua weka nyeupe, hata muuzaji akikupa ya kijani kwa bei ya kutupa.

Kwa nini mabati haya hugeuka njano baada ya miaka michache?

Urujuanimno. Miale hiyo, ambayo jicho halioni, ina nguvu ya kukata viungo vya kemikali ndani ya plastiki. Vipande vinavyobaki hufyonza mwanga wa blu, na kitu kilichopoteza blu huonekana njano. Nyuso zake nazo hupata nyufa ndogo ndogo, ukungu unapanda, upitishaji unashuka.

Mabati mazuri ya polikaboneti, aina ya plastiki ngumu, hupewa tabaka la kinga upande mmoja. Upande huo ndio unaotakiwa kutazama juu, na kwa kawaida umeandikwa kwenye nailoni iliyobandikwa bati likiwa jipya. Fundi akiibandua nailoni chini na kupandisha bati bila kuangalia, anaweza kuliweka kichwa chini, na kinga yote ikawa inalinda dari. Mwambie aweke alama ya kalamu kabla ya kubandua. Mabati ya nyuzi za kioo nayo huchakaa, na dalili yake ni nyuzi kuanza kujitokeza juu kama manyoya.

Nimeona watu wanatoboa bati na kupachika chupa ya maji. Inafanya kazi?

Inafanya, mchana. Wazo hilo linajulikana kwa fundi wa Brazil, Alfredo Moser, aliyeanza nalo mwaka 2002. Chupa ya plastiki inayopitisha mwanga inajazwa maji, vifuniko viwili vya dawa ya kufanya nguo nyeupe vinaongezwa ili ukijani usiote, kisha nusu ya chupa inabaki juu ya bati na nusu inaning'inia ndani. Maji yanaupinda mwanga na kuusambaza pande zote za chumba, tofauti na tundu tupu ambalo lingetupa doa moja sakafuni. Tatizo ni kuvuja. Ziba vizuri, maana mvua za Machi hazina adabu.

Kioo cha dirisha kinazuia urujuanimno? Nataka sofa isipauke.

Kinazuia sehemu. Kioo cha kawaida husimamisha karibu miale yote ya mawimbi mafupi, ile inayobabua ngozi haraka, lakini hupitisha mingi ya mawimbi marefu zaidi, ambayo bado inapausha vitambaa na kuzeesha ngozi. Kioo cha mbele cha gari, ambacho ni vioo viwili vilivyogandishwa kwa utando wa plastiki katikati, huzuia zaidi. Zipo tinti zinazopitisha mwanga mwingi na kukata karibu urujuanimno wote. Ukitaka hiyo, ulizia namba ya urujuanimno, usiangalie weusi.

Kosa hilo la weusi ni baya zaidi kwenye miwani ya jua. Miwani myeusi isiyo na kinga hufanya mboni ipanuke kwa sababu ya giza, na urujuanimno unaingia kupitia tundu kubwa zaidi. Miwani iliyoandikwa UV400 kwa haki inazuia miale hadi nanomita 400, na inaweza kuwa haina rangi kabisa. Wavuvi na wakulima wa mwani, wanaokaa kutwa juu ya maji yanayoakisi jua, wangefaa kuizingatia kuliko wote.

Mtoto wa jicho unahusiana na haya?

Moja kwa moja. Lenzi ya jicho ni angavu kwa sababu protini zake zimepangwa kwa utaratibu. Kwa umri, kisukari, jeraha au sababu nyingine, protini hizo hukusanyika kuwa mabonge, mabonge hutawanya mwanga, na mtu huanza kuona kama anatazama kupitia kioo chenye ukungu, huku taa za magari usiku zikimsumbua. Hakuna matone yanayoirudisha lenzi hiyo kuwa angavu. Tiba ni upasuaji wa kuiondoa na kuweka ya bandia, na mahali pa kuulizia ni hospitali, sisi ni mafundi vioo.

Swali la mwanafunzi: kwa nini kioo kinapitisha mwanga na bati la chuma halipitishi, wakati vyote ni vigumu?

Ugumu hauhusiki. Linalohusika ni kile ambacho elektroni za kitu hicho zinaweza kupokea. Mwanga unakuja kwa mafungu, kila fungu la mwanga unaoonekana likiwa na nishati ya takriban elektronivolti 1.7 hadi 3.1 (elektronivolti ni kipimo kidogo sana cha nishati). Ndani ya kioo, elektroni haziwezi kupanda ngazi nyingine bila kupewa fungu kubwa zaidi ya hapo, kwa hiyo hazipokei kitu na mwanga unapita. Ndani ya chuma kuna elektroni zilizo huru zinazoitikia fungu lolote. Mwanga ukigusa uso tu, nyingine unarudishwa na nyingine unafyonzwa.

Mfano mzuri uko mkoani Lindi. Udongo wa Ruangwa na Nachingwea una madini ya kinywe, meusi ti, na kinywe ni kaboni tupu. Almasi ya Mwadui, Shinyanga, nayo ni kaboni tupu. Kwenye almasi kila atomu imefungwa na wenzake wanne na elektroni zote zimeshikwa. Fungu la chini kabisa la kuzipandisha ni elektronivolti 5.5 hivi, na mwanga unaoonekana haufiki hapo. Kwenye kinywe atomu zimepangwa kwa tabaka, kila moja imeshikana na tatu tu, na elektroni iliyobaki inazurura.

Na sasa lile la ajabu. Tabaka moja la kinywe, lenye unene wa atomu moja, linaitwa grafini. Andre Geim na Konstantin Novoselov walilitenga huko Manchester mwaka 2004 na wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2010. Tabaka hilo hufyonza asilimia 2.3 tu ya mwanga. Yaani hicho kitu cheusi kuliko masizi, ukikipata chembamba vya kutosha, kinapitisha mwanga kuliko kioo cha dirisha lako.

Na nyaya za intaneti za kioo? Mwanga unafikaje mbali hivyo?

Kwa usafi. Ukichukua kioo cha dirisha chenye unene wa mita chache hutaona kitu upande wa pili. Mwaka 1966 Charles Kao alionyesha kwamba tatizo ni uchafu uliomo ndani ya kioo, hasa madini kama chuma, akasema kioo kikisafishwa kitafaa kwa simu. Mwaka 2009 akapewa Nobel. Nyuzi za leo, kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, wa nanomita 1,550, hubakiza zaidi ya asilimia 95 baada ya kilomita nzima. Zidisha kama tulivyozidisha tinti: baada ya kilomita 100, ambazo ni karibu na umbali wa Mtwara hadi Lindi, inabaki asilimia 1. Hiyo 1 inatosha kusomwa, kisha mitambo inaipa nguvu na kuisukuma mbele.

Mwani wetu hukua vizuri msimu mmoja, mwingine hudumaa. Ni mwanga?

Mwanga ni mmoja wa washukiwa, pamoja na joto la maji, chumvi na magonjwa. Maji yenyewe hufyonza wekundu kwanza; ukishuka mita 10 mwekundu karibu umekwisha, na blu ndiyo huenda mbali zaidi. Kwenye kina kifupi cha vigingi na kamba hilo si tatizo. Tatizo ni tope. Mvua zikinyesha, Ruvuma na mito mingine inaleta udongo, chembe zake zinatawanya na kufyonza mwanga, na nyingine zinakaa juu ya mwani wenyewe.

Kuna kipimo cha bei rahisi kilichoanzishwa na Angelo Secchi mwaka 1865. Chukua sahani nyeupe, ining'inize kwa kamba yenye uzito chini, ishushe majini mpaka isionekane, kisha pima kamba. Ifanye sehemu moja, saa moja, jua likiwa juu, na uandike. Baada ya misimu miwili una kumbukumbu ya kulinganisha na mavuno.

Ninaweza kupima upitishaji mwanga mwenyewe?

Kwa makadirio, ndiyo. Simu nyingi zina kihisi cha mwanga karibu na kamera ya mbele, na kuna programu za bure zinazoonyesha namba yake kwa lux, yaani kipimo cha mwanga unaofika mahali. Weka simu chini ya anga lililotulia, si wakati mawingu yanapishana, soma namba. Funika kihisi kwa kipande cha kioo au bati bila kusogeza simu, soma tena. Gawanya ya pili kwa ya kwanza. Ikiwa ulianza na 20,000 ukapata 15,000, una asilimia 75. Rudia mara kadhaa, na usitumie jua la moja kwa moja, maana linaweza kupita lux 100,000 na vihisi vingine hugota kabla ya hapo.

Kwa nini madirisha yanayotazama bahari hupoteza mwanga haraka?

Chumvi. Upepo unaleta matone madogo, maji yanakauka, chembe zinabaki na kuutawanya mwanga. Paneli za sola zinaumia vilevile. Suuza kwanza kwa maji baridi mengi ndipo ufute, kwa sababu ukifuta chumvi kavu na mchanga wake unakwaruza, na mkwaruzo hauoshwi. Kwa plastiki usitumie petroli wala tina.

Nikija kuagiza nije na nini?

Vipimo vya dirisha au paa kwa milimita, upande linaotazama, kazi ya chumba, na jibu la maswali matatu: unataka mwanga kiasi gani, unataka kuona nje au hapana, na joto unaweza kulivumilia kiasi gani. Ukiwa hujaamua, tunakata vipande vidogo vya majaribio. Kaa navyo nyumbani siku mbili, uvitazame asubuhi, saa sita na usiku taa zikiwaka.